Joto la Vitu Vilivyozimwa

Ninapanga chumba Banda, mtaa unaopakana na Chuo Kikuu cha Kyambogo jijini Kampala. Nyumba yetu ni safu ya vyumba vinne vinavyotazama ua mmoja, na vyumba vyote vinne vinatumia mita moja ya umeme. Mita yenyewe ni ya kulipia kabla, ile ambayo hapa Uganda kila mtu anaiita Yaka. Unanunua yuniti kwa simu, unaletewa tarakimu 20 za tokeni, unazibonyeza kwenye mita, umeme unarudi. Mwanzo wa mwezi kila chumba hutoa shilingi 20,000, na kwa hizo 80,000 tunapata yuniti 90 na kitu. Kwa muda mrefu zilitutosha mpaka tarehe 30.

Msimu wa mpira ulipoanza, mambo yalibadilika. Yuniti zikawa zinakatika tarehe 24 au 25. Siku tano au sita za mwisho wa mwezi tukawa tunakaa gizani, au tunachanga tena, na kuchanga mara ya pili ndiko kulikoleta maneno. Kila mtu alianza kumtazama jirani yake kwa jicho la kuhesabu. Haikuchukua muda macho yote yakaishia kwenye chumba cha mwisho, anakokaa Nnalongo.

Kwa Waganda, Nnalongo ni jina la heshima la mama aliyezaa pacha. Huyu wetu anauza mandazi na chai barabarani. Anaamka saa kumi alfajiri, na kwa kuwa taa yake ndiyo ya kwanza kuonekana uani, watu walifikia uamuzi bila kuuliza: lazima ana jiko la umeme la koili amelificha, anakaangia mandazi ndani. Msimamizi wa nyumba akaletewa shauri kwamba Nnalongo alipe mara mbili au atafute pengine pa kukaa. Mama mwenye watoto wawili wa shule, anayepata faida yake kwa shilingi mia mia, si mtu wa kuambiwa jambo hilo kirahisi.

Nnalongo hakupiga kelele. Alifungua mlango wake, akasema anayetaka kupekua apekue. Kulikuwa na sigiri mbili za makaa, karai, ndoo za unga, balbu moja na chaja moja ya simu. Kisha akasema neno ambalo wengine walilicheka, lakini mimi lilinikaa kichwani: "Paka wangu kila usiku anapita dirishani kwenda kulala juu ya kile kisanduku cha televisheni cha jirani. Paka halali mahali pa baridi, mwanangu. Kisanduku hicho kinakula nini usiku kucha?"

Jirani mwenye kisanduku, kijana anayeendesha bodaboda, alijibu papo hapo kwamba hukizima kila usiku kabla ya kulala. Alikuwa anasema kweli. Hukizima kwa rimoti, taa ya kijani inageuka nyekundu, naye analala. Lakini paka naye alikuwa anasema kweli. Insha hii inahusu namna kweli hizo mbili zinavyoweza kukaa pamoja.

Nianze na neno, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa lugha. Kiswahili kilipopokea umeme hakikuutungia vitenzi vipya. Kiliuazima msamiati wa moto. Taa ya umeme tunaiwasha kama tulivyowasha kuni, na tunaizima kama tulivyozima moto. Hata jina la mita yetu lina asili hiyo: yaka ni Kiganda, maana yake waka, na sikio la Mswahili linausikia undugu huo bila kamusi. Sasa moto ukizimwa umezimwa. Ukimwagia maji, kinachobaki ni majivu na mvuke, na baada ya muda hata jiwe la meko linapoa. Kwa hiyo mtu anaposema televisheni imezimwa, akilini mwake kuna moto uliokufa. Lugha yetu ina mchezo mmoja hapo: kuzima ni kuua moto, lakini mzima ni aliye hai. Kifaa kilichozimwa kwa rimoti, kusema kweli, ni kizima.

Walakini si kila moto wa zamani ulizimwa. Bibi yangu kijijini hakuwa mtu wa kununua kiberiti kila wiki. Usiku alikusanya makaa yaliyobaki, akayafunika kwa majivu mengi, na alfajiri alifukua, akaweka nyasi kavu, akapuliza mara mbili tatu, moto ukarudi. Ukipita jikoni usiku ungeapa kwamba hapana moto. Ukiweka kiganja juu ya majivu ungeusikia. Na gogo lililofunikwa halikubaki lilivyokuwa. Asubuhi lilikuwa limepungua, kwa sababu lilikuwa likiliwa polepole usiku kucha ili bibi asihangaike asubuhi. Vifaa vyetu vya leo vinafanya hivyo hivyo. Havizimwi, vinafunikwa majivu. Joto tunalolisikia kwa kiganja ni malipo ya kule kungoja.

Fizikia nilisoma hadi kidato cha nne, kwa kuwa Uganda masomo ya sayansi ni ya lazima katika ngazi hiyo, na nilidhani nimeachana nayo. Ilibidi nirudi kwenye daftari za zamani. Huko nilimkuta tena James Prescott Joule, Mwingereza wa Salford, mtoto wa mtengeneza pombe, ambaye katika miaka ya 1840 alionyesha kwamba mkondo wa umeme unapopita kwenye waya hutoa joto, na kwamba joto hilo huongezeka kwa kadiri ya ukinzani wa waya na kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Hakuna waya wa kawaida usio na ukinzani, hivyo hakuna umeme unaopita bure. Na kuna jambo la pili, kubwa zaidi. Nishati haipotei. Umeme unaoingia kwenye kifaa kisichotoa mwanga wa maana, wala sauti, wala mwendo, hauna njia nyingine ya kutokea isipokuwa joto. Kwa hiyo kitu kilichochomekwa kikiwa na uvuguvugu saa zote, na si jua wala si jiko linalokipasha, ni kwamba umeme unaingia. Paka alikuwa anasoma mita bila kujua.

Lakini umeme unaingiaje wakati swichi imezimwa? Jibu liko kwenye mahali swichi ilipo. Chukua redio ya zamani yenye adapta nzito, ile inayochomekwa ukutani na kuelemea soketi. Ndani ya adapta hiyo kuna transfoma: koili mbili za waya wa shaba zilizozungushiwa kiini cha chuma. Koili ya kwanza inapokea volti 240 za ukutani, koili ya pili inatoa volti chache ambazo redio inazihitaji. Swichi ya redio iko kwenye redio, yaani baada ya transfoma. Ukiizima, umefunga mlango wa chumbani na kuacha lango la ua wazi. Koili ya kwanza bado imeungwa na ukuta, na mkondo mdogo bado unapita ndani yake.

Mkondo huo unafanya kazi tatu zisizo na faida kwa yeyote. Kwanza unaipasha shaba yenyewe, kama Joule alivyosema. Pili unakigeuza chuma. Umeme wa Uganda, kama wa majirani zetu wa Afrika Mashariki, ni wa mzunguko wa herzi 50, maana yake mkondo unabadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, na kila unapobadilika usumaku wa kile kiini nao lazima ugeuke. Chuma hakikubali kugeuzwa bila kugharimu. Kila mzunguko unaacha joto kidogo, kama viganja vinavyosuguana asubuhi ya baridi. Tatu, usumaku huo unaobadilika unazalisha mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma chenyewe, isiyokwenda popote. Ndiyo maana mafundi hawatengenezi kiini kwa pande moja la chuma bali kwa mabati membamba yaliyotenganishwa kwa rangi ya kuhami, ili mikondo hiyo ipungue. Inapungua, haimaliziki. Adapta kama hiyo inaweza kula wati 2 au 3 mchana na usiku, redio ikiwa imewekwa kabatini.

Chaja za simu za siku hizi ni nyepesi, na wepesi huo una maana. Hazina transfoma kubwa ya chuma. Zinaugeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja, kisha zinaukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo kama kidole gumba inatosha. Simu isipokuwepo, chaja nzuri inapunguza kukata kwake mpaka inatumia sehemu ndogo sana ya wati. Ndiyo sababu chaja iliyoachwa ukutani bila simu mara nyingi ni ya baridi mkononi. Ukitaka kujua adapta yako ni ya kabila gani, ipime kwa mkono: nzito na vuguvugu ni ya zamani, nyepesi na baridi ni ya sasa.

Televisheni inayozimwa kwa rimoti ina sababu yake ya kukesha. Lazima kuwe na jicho dogo linaloingoja rimoti. Kama lingelala, usingeweza kuiwasha ukiwa umekaa. Jicho hilo peke yake linahitaji kidogo sana, na televisheni mpya inaweza kungoja kwa chini ya wati 1. Lakini king'amuzi, ambacho hapa uani tunakiita dikoda, ni mnyama mwingine. Vingi, hasa vya miaka ya nyuma, vikizimwa kwa rimoti vinazima picha na tarakimu za mbele tu. Ndani vinaendelea kupokea mawimbi, kupeleka umeme kwenye kichwa cha dishi juu ya bati, kungoja ruhusa za malipo na kupakua ratiba ya vipindi. Ni kama mwendesha bodaboda anayengoja abiria jukwaani bila kuzima injini. Hasogei hatua moja, lakini petroli inakwisha na bomba la moshi linaunguza mguu. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kimefungwa, hewa inapita kwa matundu machache, basi hata wati 10 zinatosha kukifanya kitanda cha paka.

Maelezo hayo niliyatoa uani siku ya Jumamosi, na yalipokewa kama maelezo ya mwanafunzi yanavyopokewa. Kaka wa bodaboda alisema wati 10 si kitu, pasi inakula 1,000. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na maneno matupu hayakuweza kuijibu. Kwa bahati mita ilikuwa na jibu lake. Usoni mwake kuna taa ndogo nyekundu inayometa, na pembeni pameandikwa kwamba inameta mara 1,000 kwa yuniti moja. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo kila mmeto mmoja ni sawa na wati 1 iliyotumika kwa saa nzima. Ukipima muda kati ya mmeto na mmeto, unajua wati zinazopita wakati huo: gawa 60 kwa idadi ya dakika. Nilimwomba msimamizi, naye akakubali tujaribu usiku ule ule, mradi kila chumba kiwe na mwakilishi wake mbele ya mita.

Saa tatu usiku kila mtu alizima vitu vyake kama anavyovizima akienda kulala. Taa zote, televisheni zote, redio yangu. Ua ukawa mweusi. Tulisimama tukiwa na simu moja ya kupimia muda, na kwa giza lile mtu angeapa kwamba nyumba nzima haitumii kitu. Taa ya mita ikameta. Baada ya dakika 2 ikameta tena. Tukarudia, ikawa vile vile. Dakika 2 ni wati 30. Nyumba iliyolala ilikuwa inakula wati 30.

Kisha tulianza kuchomoa, kitu kimoja kimoja, si kuzima. Tulipochomoa spika kubwa ya muziki ya chumba cha pili, mmeto ukachukua dakika 2 na nusu, yaani wati 24. Spika ilikuwa inangoja kwa wati 6. Tulipochomoa ving'amuzi viwili, cha kaka wa bodaboda na cha dada wa saluni, tulingoja hadi watu wakaanza kudhani mita imeharibika. Mmeto ulikuja baada ya dakika 12. Wati 5. Ving'amuzi viwili, vyote vimezimwa, vilikuwa vinabeba wati 19. Tulipochomoa televisheni na redio yangu na adapta yake nzito, tukabaki na chaja ya Nnalongo peke yake, taa haikumeta tena kwa dakika zote 20 tulizovumilia.

Hesabu niliiandika kwa chaki ukutani, chini ya mita, kila mtu aione. Wati 30 kwa saa 24 ni wati 720 za saa, yaani yuniti 0.72 kwa siku. Kwa siku 30 ni yuniti 21.6. Bei ya yuniti kwa nyumba za kawaida imekuwa zaidi ya shilingi 700 hata kabla ya kodi, kwa hiyo tulikuwa tunalipa zaidi ya shilingi 15,000 kwa mwezi kwa vitu ambavyo hakuna aliyekuwa anavitumia. Spika na ving'amuzi, vyote vilivyoingia uani msimu wa mpira ulipoanza, ni wati 25 kati ya hizo, nazo kwa mwezi ni yuniti 18. Sisi tunatumia yuniti 3 hivi kwa siku. Yuniti 18 ni siku 6. Siku zetu za giza zilikuwa 5 au 6.

Pasi inakula wati 1,000, ni kweli, lakini inapigwa nusu saa kwa wiki na kuchomolewa. Kitu kidogo kisicholala kinaipita. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haichagui kama kibaba ni cha kuweka au cha kupoteza.

Niliongeza mstari mmoja ambao hakuna aliyeniomba. Balbu ya Nnalongo ni ya wati 5. Akiiwasha saa mbili kila alfajiri, kwa mwezi mzima inatumia wati 300 za saa. Ving'amuzi viwili vikiwa vimezimwa vinatumia kiasi hicho kwa saa 16. Mwezi wa alfajiri za mama anayekanda unga haufiki hata siku moja ya usingizi wa ving'amuzi.

Baadaye nilipotafuta zaidi nilikuta kwamba jambo lililotugombanisha uani limeshughulisha serikali kubwa. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani, Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, alipendekeza kwamba kifaa kinachongoja kisitumie zaidi ya wati 1, na mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati likalichukua pendekezo hilo. Mwaka 2001 rais George W. Bush aliagiza ofisi za serikali ya Marekani zinunue vifaa vinavyokidhi kiwango hicho kila vinapopatikana. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2008: vifaa vingi vya nyumbani visivyo na kioo cha taarifa vingoje kwa wati 1 tangu mwaka 2010, kisha nusu wati tangu mwaka 2013. Wati 1 inaonekana kama mzaha, lakini wati 1 isiyozimwa mwaka mzima ni yuniti 8.76, na ukiizidisha kwa nyumba milioni moja ni mtambo mzima unaofanya kazi kwa ajili ya taa nyekundu.

Nililifikiria hilo kwa upande wetu. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu hapo maji ya Nile yamekuwa yakigeuza mitambo yetu. Maji yale hayajui kama umeme wake unakwenda kwenye chumba cha upasuaji au kwenye kisanduku kinachomngoja mtu aliyelala. Na vitu vya mtumba vinavyotufikia, vingine vilitengenezwa kabla ya kanuni hizo, vinakuja na njaa yao ya zamani. Mnunuzi anauliza bei ya kifaa, haulizi bei ya kungoja kwake.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila joto ni dhambi au hatari. Pasi iliyochomolewa hubaki na joto kwa sababu chuma chake kizito kinapoa polepole. Hilo ni joto la jana, halikulipiwi leo. Ubavu wa friji huwa na joto kwa sababu friji inatupa nje joto iliyolitoa ndani. Hata mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Joto la kuogopwa ni lile usiloweza kulivumilia kwa kiganja, au lenye harufu ya plastiki, au lililogeuza soketi kuwa ya kahawia. Hilo mara nyingi ni la plagi iliyolegea: umeme unapita kwenye mguso mdogo wenye ukinzani mkubwa, na joto lote linajikusanya hapo. Pia chaja isiachwe chini ya godoro au mto, kwa sababu joto lisilo na pa kutokea huzidi kupanda. Na adapta isifunguliwe ili kutafuta chanzo cha joto, maana ndani kuna vihifadhi chaji vinavyoweza kumrusha mtu hata baada ya kuchomolewa.

Dawa ya uani ilikuwa rahisi. Soketi zetu za ukutani zina swichi, na swichi hiyo, ikiwa imefungwa sawasawa, hukata umeme kabla haujafika kwenye kifaa. Sasa kaka wa bodaboda anazima kwa rimoti, kisha anazima ukutani. Asubuhi king'amuzi kinachukua dakika kadhaa kuamka, naye analalamika, lakini anazima. Dada wa saluni amenunua waya wa soketi nyingi wenye swichi moja. Mwezi uliofuata yuniti zilifika tarehe 29. Paka amehamia kwenye gunia la unga.

Limebaki jambo moja ambalo mita haiwezi kulimaliza. Hakuna aliyemwendea Nnalongo kumwambia pole. Watu wanamsalimu kwa uchangamfu kuliko zamani, wananunua mandazi yake, na huenda kwao hiyo ndiyo pole. Na bado kila chumba kinatoa shilingi 20,000, yeye mwenye balbu moja na chaja moja sawasawa na mwenye televisheni, king'amuzi na spika. Hesabu ya chaki ingali ukutani, mvua haijaifikia. Nimemwambia Nnalongo kwamba namba zile zinamtetea, na kwamba nikipewa nafasi nitazisoma kwenye kikao cha mwisho wa mwezi ili mchango ugawanywe kwa matumizi.

Alicheka kidogo, akanikunjia andazi kwenye gazeti. "Soma, mwanangu," alisema, "lakini usisome mimi nikiwa sipo." Kikao ni Jumapili, saa kumi jioni, atakaporudi kutoka barabarani.